Matete Nyuma ya Nyumba Zetu

Nyuma ya safu yetu ya nyumba pale mtaa wa Tena, Nairobi, palikuwa na kipande cha ardhi chepechepe, mahali ambapo maji ya mvua kutoka mabatini yalikusanyika kabla ya kuteremka mtoni. Nilipanda nduma pale na kuyaacha matete yaote. Kwetu magharibi mwa Kenya nilikuwa nimeona jinsi majani yanavyotuliza maji. Jirani yangu, fundi wa magari aliyekuwa mwenyekiti wa safu yetu, aliona uchafu tu.

Aliitisha mkutano. Alitaka pote pamwagwe zege, watu wapate pa kuegesha magari.

"Na maji yataenda wapi?" nikamuuliza.

"Mtoni. Wewe mama, hapa ni Nairobi. Ukitaka kinamasi rudi kwenu. Mbu wako wanatuuma sisi."

Watu wakacheka. Kuhusu mbu hakukosea, na hilo lilinichoma zaidi. Nilichimba mtaro ili maji yasituame. Yeye akamwaga zege upande wake.

Asubuhi moja nilikuta matete yamefyekwa na nduma zimemwagiwa oili chafu. Nikaenda kumbishia mlango.

"Ni wewe?"

"Una shahidi?" Akafunga mlango.

Nilichota udongo ule ulionuka, nikautupa, nikapanda upya. Tangu siku hiyo watoto wake walikatazwa kucheza na wangu.

Kisha ikaja ile mvua ya El Niño. Upande wangu maji yalipanda hadi kwenye majani, yakasimama, yakanywewa na ardhi polepole. Kwake yalikosa pa kuingia, yakateleza juu ya zege na kurudi sebuleni. Nilimwona mkewe akitoa godoro nje, amejitwika kichwani, miguu imezama majini.

Mumewe akaja kwenye ua wangu. "Mtaro wako unayasukuma maji kwangu."

"Ingia uone."

Aliingia, akakagua mtaro mwanzo hadi mwisho, akaona unaishia kwenye matete yangu, akatoka. Kesho yake alimtuma mkewe aombe wachimbe njia ya kuleta maji yao kwenye matete yangu.

"Avunje zege kwanza," nikamwambia. "Matete haya hayawezi kunywa maji ya watu wote."

"Atakasirika, mama."

"Ameshakasirika."

Mumewe alilivunja zege lile kwa nyundo huku mvua ikimnyeshea, akinitazama kila alipopumzika. Baadaye alipanda nyasi na matete. Miche aliitoa mtaa mwingine, Mowlem. Hakutaka hata shina moja kutoka kwangu, ilhali yangu yalikuwa yamejaa hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

Nyumba yake ikakauka. Katika mkutano uliofuata alipendekeza safu nyingine nazo ziache udongo wazi, zipande majani, zichimbe mitaro ya kupitisha maji taratibu. Alieleza vizuri kabisa, wala hakunitaja. Wenye kuunga mkono walipoombwa wainue mikono, niliinua wangu, huku nikimchukia.