Adhana ya Saa Tisa Mchana

Mume wangu alikuwa na maradhi ya sukari na alikuwa na kiburi, na daktari alikuwa na dawa ya sukari tu. Kila asubuhi alijidunga sindano ya insulini, kisha lazima ale. Asipokula sukari inashuka, na ikishuka sana mtu hulala asiamke. Daktari alimkataza kufunga Ramadhani, na sheikh wa mji wetu wa Ibra, huku Omani, naye akamwambia kwamba mgonjwa kama yeye anaruhusiwa kula, alishe maskini badala yake. Alilisha maskini. Lakini mwezi mzima nilimwona akiingia jikoni mwake mwenyewe kama mwizi, akila huku amegeukia ukuta.

Baridi ilipoingia akasema twende Ras al Hadd, mbele ya Sur, kwenye hifadhi ya kasa. Rafiki yake wa kazini alituazima kayaki ya plastiki ya watu wawili. Tungevuka hori, mkono wa bahari ulioingia bara, kwa kasia, tuiache ng'ambo, tupande kilima kwa miguu hadi upande wa bahari kuu, kisha turudi. Tuliondoka baada ya alfajiri. Jikoni nilikuta sahani moja imeoshwa, nikafurahi kwamba kwa mara moja maishani mwake ameosha sahani. Njiani nikampa chapati.

"Mie nimeshakula," akasema.

Nikaila mimi.

Hori lilikuwa limetulia kupita kiasi. Hapakuwa na mtu, wala gari jingine, na sauti ya makasia yetu ilikuwa inaturudia kutoka kwenye majabali. Sikuipenda hali ile. Yeye alipiga kasia vizuri, nikiri. Alizaliwa Bujumbura, na utotoni alishinda ziwani. Tulipofika ng'ambo aliivuta kayaki kidogo tu mchangani, akaiacha na mfuko wetu wa tende na maji ya matunda ndani.

"Ivute zaidi, bwana. Maji yanajaa."

"Wewe utanifundisha maji? Mimi nimekulia majini."

"Umekulia ziwani. Ziwa halijai wala halipwi."

"Haya, nyinyi watu wa Unguja ndio mlioumba bahari," akasema, akacheka, akatangulia. Na mimi Unguja niliiacha nikiwa napakatwa. Habari za maji kujaa na kupwa nilizipata kwa mama, sebuleni Ibra, bahari iko mbali huko. Nikamfuata.

Kilima kilikuwa mawe matupu, makali, yanayoteleza chini ya kiatu. Upande wa pili tulimkuta kasa mkubwa amekufa katikati ya miamba, amekauka, kichwa kimeelekea bara. Mume wangu alimtazama kwa muda mrefu mno. Nikampa chupa ya maji.

"Baadaye."

Nikampa tena. Akatazama jua. Hapo ile sahani iliyooshwa ikanijia: ilikuwa sahani ya daku.

"Umefunga!"

"Nalipa siku zangu. Siku za baridi ni fupi."

"Na sindano umepiga?"

"Nimepiga."

"Wallahi una wazimu! Umeambiwa na daktari, umeambiwa na sheikh!"

"Sheikh atalala kwenye kaburi lake, na mimi langu. Khalas, mama, usinipigie kelele."

Nilikuwa na hamu ya kumpiga jiwe. Badala yake nikamshika mkono, tukageuka, maana kila kitu kitamu tulichokuwa nacho kilikuwa ndani ya kayaki. Upepo ulikuwa baridi, naye anachuruzika jasho. Kileleni vidole vyake vilianza kutetemeka mkononi mwangu. Tukiteremka akaanza kusema nami kwa Kirundi, lugha nisiyoijua hata neno, akicheka na kunielekeza mahali pasipokuwa na mtu. Nimeishi na mtu yule miaka, na pale nilimwogopa.

Tulipofika chini, mchanga tulipoiacha kayaki haukuwapo. Maji yameufunika, na kayaki yenyewe inaelea, inajizungusha polepole, inakwenda zake.

Nilimkalisha juu ya jiwe nikaingia majini na nguo zangu zote. Sijui kuogelea. Maji yalinifika kiunoni, yakanifika kifuani, yakanifika shingoni, nami nasoma kila aya niliyofunzwa chuoni. Nikaidaka kamba ya kayaki kwa ncha za vidole. Nikaivuta hadi ufukweni, nikautoa mfuko, nikakimbia kwake na tende.

Alikuwa amekaza meno.

"Nimefunga," akasema kwa Kiswahili, macho yake hayanioni.

Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamlilia. Nikataka kumfungua mdomo kwa nguvu, akanisukuma nikaanguka. Midomo imeshakuwa myeupe. Mtu akishapoteza fahamu hatiwi kitu kinywani, alikwishaniambia daktari, na fahamu zilikuwa zinamtoka mbele yangu. Hapakuwa na wa kumwita.

Nikasimama nyuma yake asione mdomo wangu. Nikatia vidole masikioni, nikaadhini. Mwanamke, nimelowa chapachapa, jua la saa tisa linaniangalia, nikaadhini Magharibi kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, neno kwa neno, hadi mwisho. Majabali yakaijibu.

Mabega yake yalilegea. Alisoma dua ya kufuturu taratibu, bila kukosea, akafungua mdomo kama mtoto. Nikamtia tende, nikamtia nyingine, nikamnywesha maji ya matunda yakimwagika kidevuni.

Rangi ilimrudia kidogo kidogo. Nikakaa chini nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Yeye alitazama kokwa za tende mapajani mwake, akatazama jua lilivyo juu, akanitazama mimi nilivyolowa. Alielewa yote. Nikajiweka tayari kwa ugomvi.

Hakugomba. Alinishika mkono akanibusu kiganja.

"Nimekutisha, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Ila siku hii imevunjika," akasema kwa upole. "Nitailipa kesho."