Tarti ya Julai Isiyo na Binyomoro

Ninaikumbuka bado, mwanangu, Jumamosi ya kwanza ya Julai katika mwaka nilioolewa. Usishangae nikitaja siku. Niliingia darasani nikiwa tayari ninanyonyesha, na tangu nijue kusoma kalenda sipendi kusema “zamani” kwa jambo lenye siku yake.

Nilikuwa nimetoka kwetu Kibua, katika msitu wa Walikale, nikaolewa Kirolirwe, huko Masisi, nchi ya malisho na baridi. Kwetu tulijua mihogo na majani yake tuyaitayo sombe, ndizi na mawese. Ukweni nilikuta ng’ombe, siagi, na chakula ambacho sikuwahi kukiona: tarti, yaani unga wa ngano uliokandwa kwa siagi, ukatandazwa ndani ya sufuria na kujazwa matunda. Mama mkwe wangu aliipika mara moja kwa mwaka, siku watoto wa familia waliosoma Goma waliporudi kwa likizo kubwa. Matunda yake yalikuwa binyomoro, yale mekundu yenye umbo la yai, yaliyoiva katika miti nyuma ya jiko. Watoto walishuka garini wakiuliza tarti kabla ya kusalimia.

Mwaka ule, siku ya Alhamisi, ilinyesha mvua ya mawe isiyo ya msimu. Binyomoro vyote vikaanguka, vibichi na vilivyoiva, vikapasuka matopeni. Kesho yake mchana mama mkwe aliketi jikoni akitazama sufuria tupu ya tarti. Wifi yangu Esperansi, dada mkubwa wa mume wangu, akashauri watoto wapewe viazi na maziwa kama siku nyingine.

Ndani kulikuwa na mananasi ambayo kaka yangu alikuwa ameniletea kutoka Kibua. Nilisita. Tangu harusi yetu ya Aprili nilikuwa nimechota maji na kusugua sufuria za nyumba ile, lakini unga wa tarti hakuna aliyeniruhusu kuugusa. Nilijua kwamba nikifungua kinywa, jibu nitakalopewa litanionyesha kama mimi ni mtu wa pale au ni mgeni tu. Nikafungua.

“Mama, mananasi iko. Tunaweza weka ile.”

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. “Musikie huyu! Leo nanasi, mwaka ingine atatuwekea na sombe. Mutoto wa Masisi atakula tarti ya Walikale?”

Mama mkwe hakumtazama. Alimwuliza taratibu, akichokora makaa kwa kijiti:

“Espe, tarti yangu ya kwanza nilipika na nini?”

“Na binyomoro, Mama.”

“Hapana. Masista walinifundisha na pome, ile tunda ya Wazungu. Pome iko wapi huku kwetu? Nilitafuta, nikakosa. Binyomoro njo niliona pa mulango. Mama-mukwe yangu akasema ile si chakula ya watu, akatupia imbwa.”

“Na imbwa ilikula?”

“Ilikula yote, ikalamba na sahani. Njo mama-mukwe naye akaonja.”

Wifi alitaka kucheka tena, akajizuia. Mama mkwe akanigeukia, na sauti yake haikuwa laini zaidi. “Na weye, mwana wangu, usijisifu. Nanasi iko na maji mingi. Ukiiweka vile, tutakula uji. Kesho asubui funga kitenge vizuri, kuja nikuonyeshe.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika unga ule. Alinifundisha kukata nanasi vipande vidogo, kulipika na sukari bila kuongeza maji mpaka mchuzi wake ugande kijikoni, kisha kuliacha lipoe kabisa. Siagi iwe baridi, ichanganywe na unga kwa ncha za vidole, maana kiganja kina joto na huiyeyusha. Maji ni kidogo, ya kushikanisha tu. Unga ukishashikana uache. Ukiukanda kama wa mkate utakuwa mgumu kama ngozi. Makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya kifuniko. Mimi nilitaka kufunua kila mara nione, naye akanipiga mkono. Moto unaofunuliwa hauivishi kitu, alisema, na pua yangu ingetosha kunijulisha.

Watoto walifika alasiri. Mdogo kuliko wote aliuliza binyomoro viko wapi, akanuna, akakataa kula. Wengine walimaliza. Wifi yangu alichukua kipande cha pili, akasema anahakikisha kama katikati pameiva. Jioni mama mkwe aliniachia mimi, si binti yake, kazi ya kukata kipande cha baba mkwe na kumpelekea.

Leo wakwe zangu wote wawili hawapo, na mume wangu hayupo. Milima ile wengi wetu tumeiacha kwa sababu ya vita mnavyovijua. Nawasikia ninyi vijana mlioko Goma, Butembo na mbali zaidi mkisema kwamba chakula cha kwenu hakipikiki tena kwa kuwa tunda la nyumbani halipatikani sokoni, na cha tunda jingine kingekuwa cha uongo. Basi mnanunua biskuti, na Julai inapita kama mwezi mwingine wowote.

Mwanangu, usikubali hivyo. Shika namna ya kupika na siku ya kupika. Tunda, chukua la pale ulipo. Mke au mume akiingia nyumbani mwenu na kitu cha kwao mkononi, msimcheke kabla hamjaonja. Na wewe uliyekuja nacho, jifunze kwanza unga wa wenyeji wako. Mtoto akinuna, mwache anune. Mwaka unaofuata atauliza.

Mungu akupe mahali pa kuwasha moto bila hofu. Akurudishie watoto wako salama kila likizo, nao wakukute una siagi, una nguvu mikononi, na una mtu wa kukata naye tarti.