Vitabu Vitatu Ndani ya Gazeti la Kiarabu

Jamani, leo nimejiaibisha huku ughaibuni, hapa Muaither!

Rafiki aliyerudi Nairobi alituachia vitabu vitatu, sisi watatu tunaoishi pamoja. Akinyi akavifunika vyote kwa gazeti la Kiarabu, kama tulivyozoea shuleni, bila hata kuyatazama majalada.

Mimi nikachukua riwaya. Akinyi, falsafa. Nakato, hadithi za Wayahudi.

Wiki nzima ni ubishi: mwandishi wa nani ni mkali zaidi? Atakayeshindwa atapika.

Nikamwambia Akinyi, "Huyo wako ana kichwa tu, moyo hana. Wangu ameniliza!"

Leo chai ikamwagikia vitabu. Tukavua magazeti.

Jina moja la mwandishi. Picha ile ile. Mama mmoja anatutazama mara tatu!

(Ndiyo, kurasa za mwanzo huwa tunaziruka.)

Kumbe niliyesema hana moyo ndiye aliyeniliza.

Mama, heshima zako!

Sasa nyinyi amueni: leo nani anapika?