Nilikalia "stool" ya Waingereza, nikakumbuka kisiki cha kwetu

Wakuu, poleni na kazi.

Mimi hapa ni msomaji wa kimya. Miaka mingi nasoma nyuzi zenu, nacheka, nafunga simu. Leo ni zamu yangu. Sitaongeza chumvi, na mwenye shaka apitie kwetu, juu kidogo ya Nkubu, Meru, nimwonyeshe ushahidi ukiwa na majani.

Kwanza mnijue.

Mimi ni kifungua mimba, tuko watatu. Wazazi wetu walifariki nikiwa Form Two, baba kwanza, mama miezi michache baadaye. Niliacha shule nikaanza kutoa ndizi Mitunguu na kuziuza soko la Gakoromone. Wadogo zangu, Mutuma na Kendi, wamelelewa na ndizi. Mpaka leo wananiita "Fathe", nusu mzaha, nusu kweli.

Kendi ndiye kitinda mimba. Alisomea nursing na sasa anafanya kazi katika hospitali moja Uingereza.

Sasa mti.

Mwaka aliozaliwa Kendi, baba alipanda muuru karibu na boma la mbuzi. Muuru ndio ule mti ambao kwa Kiingereza wanauita Meru oak. Kila Krismasi baba alimsimamisha Kendi kando yake aone nani amekua zaidi. Mti ulishinda kila mwaka, na kila mwaka Kendi alimshtaki baba kwamba anauwekea samadi usiku.

Kendi alipoitwa college, niliukata.

Nilileta mtu wa power saw, mbao zikaenda, Kendi akaenda college. Sikumuuliza. Aliporudi likizo alisimama mbele ya kisiki kwa muda, kisha akaingia jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Hakuutaja ule mti tena. Hata mimi sikuutaja.

Kisiki kilibaki. Kilikuwa kipana, kimenyooka juu, kwa hiyo tukakifanya kiti. Jioni ndipo nilikuwa nakaa nikipukuchua mahindi. Kila mvua ikinyesha kilitoa machipukizi pembeni, na yale machipukizi yalikuwa yananichoma miguu nikikaa. Nilikuwa nayafyeka na kuwapa mbuzi. Kila msimu, bila kukosa.

Hapo pashikeni, nitaparudia.

Mwaka juzi mwezi wa pili Kendi aliniita nikamtembelee wiki tatu. Siku mbili kabla ya kusafiri, Mutuma akanijia. Anataka kujenga zero-grazing, banda la kufugia ng'ombe ndani, pale karibu na boma, na kisiki kiko katikati. Aking'oe?

Nikamwambia, "Ng'oa tu."

Ukweli wakuu, nilifurahi kupata sababu. Kila nikikiona kile kisiki nilikuwa naona vile vyombo safi.

Nikaenda Uingereza.

Baridi ya huko sitaieleza, wengine wameshaieleza hapa vizuri kuliko mimi. Niseme tu nilivaa sweta tatu na bado masikio yalikuwa kama si yangu.

Alhamisi moja Kendi alikuwa off. Akanibeba kwa gari lake, mwendo wa saa nzima, mashamba tu na kondoo. Nikamuuliza tunaenda wapi.

"Msituni."

"Nimetoka Mlima Kenya nije kuonyeshwa msitu?"

"Fathe, kaa ukitazama nje."

Tulipofika, nilichoona kilinishtua. Sehemu moja ilikuwa na miti imesimama vizuri. Sehemu ya pili, kubwa kama shamba la ekari nzima, miti karibu yote ilikuwa imekatwa chini kabisa, imebaki visiki vya kufika kwa goti. Hapa na pale tu waliacha mti mmoja mkubwa umesimama. Fito zimepangwa mafungu mafungu kama kuni za harusi. Nikasema moyoni, hawa ndio wanatufundisha kutunza misitu?

Akatokea mama mmoja wa miaka kama hamsini na kitu, buti zimejaa matope, mkononi ana panga fupi lenye pua iliyopinda. Anaitwa Ruth. Ndiye anayeutunza ule msitu, na kumbe Kendi huenda kumsaidia akiwa off. Mdogo wangu anakata fito Uingereza na hajawahi kuniambia.

Ruth akatutembeza. Kiingereza chake kilikuwa na kona nyingi, lakini nilishika ya kutosha, na Kendi akajaza mapengo. Msitu umegawanywa vipande. Kila mwaka wanakata kipande kimoja, mwaka unaofuata kingine, mpaka wakizunguka kurudi pale pa kwanza miti imekuwa mikubwa tena. Fito zinaenda kwa ua, kwa paa za nyasi, kwa watu wa kupanda maharagwe. Wamefanya hivyo tangu mababu wa mababu zao.

Nikamuuliza Ruth miche wananunua wapi ya kupanda tena.

Akaniangalia kama nimeuliza maziwa hutoka duka gani.

"Hatupandi," akasema. "Tunakata, halafu tunangoja."

Tukafika kwa kisiki kimoja kikubwa, kimezeeka, kina vidonda vya kukatwa mara nyingi. Ruth akakipiga kofi kidogo na kusema, "Now this is a lovely old stool."

Wakuu, mimi nilisikia stool. Kwetu stool ni kiti kisicho na mgongo. Miguu ilikuwa imechoka, mama wa watu amenikaribisha vizuri. Nikamwambia thank you, nikakaa.

Ruth akabaki na mkono hewani. Kendi akashika mti wa karibu asianguke kwa kicheko.

"Fathe, simama. Hiyo si kiti."

"Amesema stool."

"Ndiyo. Kisiki ambacho bado ni kizima, hapa kinaitwa stool."

"Na kule kwenu hospitali stool si ni ile ingine ya choo?"

"Usianze. Simama, umekalia mti."

Nikasimama. Nikaangalia nilipokuwa nimekaa. Pembeni ya kisiki, chini ya moss, ule ukoga wa kijani, kulikuwa na vidoti vyekundu vidogo vidogo vinasukuma ganda kutoka ndani. Ruth akaniambia ule mti una umri mkubwa kuliko kanisa la kijiji chao. Kama haungekatwa, ungekuwa umezeeka na kufa zamani. Kukatwa ndiko kumeuweka hai.

Hapo ndipo kichwa kilianza kufanya kazi.

Nikasema, sisi kwetu tuna mti kama huu, tunaukata na unarudi, na ile mizee kabisa ndiyo ina bei, hata kule Maua watu hugombania...

Kendi akanikanyaga mguu. Kwa Kiswahili akasema polepole, "Fathe, miraa imepigwa marufuku huku."

"Kwani nimebeba? Naeleza tu."

"Eleza na mti mwingine."

Nikaeleza na mukima, ule wanaouita grevillea. Mke wangu, Mama Mwenda, ni wa Runyenjes, na kwao Embu mukima hukatwa matawi na kichwa, ukabaki kama mlingoti, na baada ya mvua mbili umevaa tena. Ruth alifurahi sana, akataka nimchoree kwa matope na kijiti. Nikachora.

Lakini nikichora nilikuwa najiuliza. Miraa naijua tangu nikiwa mtoto. Mukima naujua tangu nioe. Mbona muuru sikuwahi kuufikiria hivyo? Nafikiri ni kwa sababu niliukata kwa uchungu. Kitu ukikiua kwa uchungu, huendi kuangalia kama bado kinapumua.

Ruth akaendelea na kazi, akifunika visiki vipya na matawi makavu. Nikauliza ya nini. Akasema ni ya kuzuia paa wa msituni. Paa wakila machipukizi mwaka mmoja, si neno. Wakila miaka mfululizo, mizizi inachoka, na kisiki kinakufa kweli.

Nikaanza kuhesabu kimyakimya misimu niliyofyeka. Niliacha kuhesabu.

Ruth alipoenda kuchukua chai yake kwa flask, Kendi akaniambia kitu.

"Siku ya kwanza kuja hapa niliona imekatwa hivi, nikarudi kwa gari. Nilikuwa na hasira. Si kwao. Kwako."

Nikaendelea kuchora matope na kile kijiti.

"Halafu nikarudi mwezi wa nane. Machipukizi yalikuwa yamefika hapa." Akaonyesha bega. "Nikakaa nikalia kama mjinga. Nimekuleta uone. Nilitaka kukuuliza, ule wetu bado unachipua?"

"Unachipua."

"Nani anayakula?"

"Mbuzi."

"Nani anawapa mbuzi?"

Nikaangalia buti zangu. Halafu nikamwambia yote, maana hakukuwa na njia nyingine. Kwamba Mutuma anang'oa kisiki Jumamosi, na kwamba ni mimi niliyesema aking'oe.

Hakulia, hakunitukana. Alinipa simu yake tu. "Piga."

Mutuma hakupatikana. Mara nne. Nikapigia Mama Mwenda. Kwetu ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni.

"Mama Mwenda, Mutuma yuko?"

"Yuko hapa na watu wawili wanachimba. Wamekuja leo kwa sababu Jumamosi kuna mazishi. Mbona unahema?"

"Waambie wasimame."

"Hawanisikii, wamefungua redio."

"Basi nenda ukae juu ya kisiki."

"Nikae?"

"Kaa. Usitoke mpaka niongee na Mutuma."

Mke wangu ni mtu wa maswali, lakini siku hiyo hakuuliza. Nikasikia ndala, nikasikia redio ikikaribia, nikasikia mtu akisema, mama, songa kidogo tukate mzizi. Halafu sauti yake: "Songa wewe."

Baada ya dakika kadhaa Mutuma akaja kwa simu.

"Fathe, mke wako amekalia kisiki na karai la mahindi. Anapukuchua. Nifanye nini na yeye?"

"Mwache. Acha na kisiki."

"Sasa zero-grazing niweke wapi?"

"Sogeza."

"Nisogeze ng'ombe kwa ajili ya kisiki?"

"Kwa ajili ya mti wa Kendi. Bado ni mzima."

Akanyamaza. Mutuma ni mtu wa mdomo, kwa hiyo kunyamaza kwake ni habari. Kisha akasema, "Sawa, Fathe. Lakini kumbuka si mimi niliyeukata."

Nikamwambia nakumbuka.

Walikuwa wamekata mizizi ya upande mmoja, ule wa kuelekea boma. Upande wa pili haukuwa umeguswa. Kendi alikuwa ameweka sikio karibu na simu muda wote. Ilipokatika akachukua kikombe cha chai cha Ruth, ambayo ilikuwa haijanywewa hata kidogo, akanywa yote. Ruth aliangalia tu.

Nilirudi nyumbani kabla ya mvua za mwezi wa tatu. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilisafisha juu ya kisiki, nikakizungushia miiba ya kuzuia mbuzi, nikangoja. Kungoja ndiyo kazi ngumu, wakuu. Mtu wa ndizi amezoea kutoka asubuhi na kurudi na kitu.

Wiki ya pili ya mvua machipukizi yakatoka. Upande uliokatwa mizizi haujatoa chochote mpaka leo. Upande wa pili ulitoa kumi na moja. Nikaacha yakue kidogo, nikachagua matatu yenye nguvu, mengine nikapunguza. Hayo ndiyo mbuzi walipata, na walinung'unika.

Krismasi iliyopita Kendi alikuja. Kabla ya kusalimia mtu alienda kando ya boma la mbuzi, akasimama karibu na yale matatu, mgongo umenyooka, akaniita nipime. Refu zaidi lilikuwa limempita kwa mkono mzima.

"Umeweka samadi usiku," akasema.

Nikakataa. Lakini hapa kwenu nitasema ukweli kama nilivyoahidi: niliweka.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mimi nililea watoto wawili nikidhani kazi ya mkubwa ni kukata inapobidi na kutosema neno. Kukata sijutii, maana Kendi alisoma. Ninachojutia ni ile miaka niliyofyeka kila kilichojaribu kurudi, kwa sababu kilikuwa kinanichoma miguu. Kama kuna kitu ulikata kwenu, iwe mti au maneno na ndugu yako, hebu uende uangalie pembeni kabla ya kuleta jembe.

Sasa nawauliza. Wenye muuru mashambani, mliacha machipukizi mangapi, na mlipunguza lini? Watu wa Embu na mukima wenu, mnakata mwezi gani? Na kama kuna aliyewahi kukalia kitu kisichokaliwa mbele ya wenyeji, asione haya, aseme, nisiwe peke yangu.

Mutuma naye amejenga zero-grazing upande wa juu. Ng'ombe hawakulalamika.

Mimi jioni sasa nakaa kwa kiti cha plastiki, kile cha blue, mguu mmoja umepinda. Mgeni akija na kuelekea pale kwa miti mitatu akitaka kupumzisha miguu, Mama Mwenda humkimbilia na kumwambia, "Pole, hapo pana mtu."