Jina la Babu Nililolivaa Louisville

Cheka ukitaka. Mimi mwenyewe niliwacheka wengi kabla hayajanifika. Lakini jambo hili lilinitokea mchana kweupe, tena mbele ya umati.

Nilikuwa nasoma ughaibuni, mjini Columbus, nikajiunga na kikundi cha Wazungu wanaoigiza maisha ya Ulaya ya kale: mapanga, majoho, mahema. Mimi nilikuwa manju wao, naghani huku napiga zeze. Kila mwanachama hujitungia jina la mtu wa enzi hizo. Wenzangu walitunga. Mimi kwa uvivu nikachukua la babu mzaa mama, Wilondja, aliyekuwa manju kweli kule kwetu Fizi. Nani angeniuliza?

Kwetu jina la marehemu halivaliwi hivi hivi. Hupewa mtoto mchanga, mmoja tu, na ndiye marehemu aliyerudi. Mke wangu alikuwa mjamzito. Mama akapiga simu kutoka Buffalo: "Ile jina ya baba yangu nimeitunza kwa mjukuu. Usiipe mtu, eh?" Nikasema sawa, mama. Wiki ileile nikaenda kughani Louisville.

Mshereheshaji akaita, "Wilondja!" Nikasimama. Na katikati ya majoho yale akasimama mzee mweusi, pekupeku, na shati la kitenge alilozikwa nalo. Nalijua, picha ya mazishi iko ukutani kwa mama. Niamini, alikuwa babu.

"Bon," akasema taratibu. "Jina yangu unaivaa wewe. Sasa mtoto atavaa nini?"

Nikapiga magoti nikalia. Wazungu wakashangilia, wakidhani naigiza. Nilipoinua macho, mzee hayupo.

Mwanangu alizaliwa salama. Mama akaja kwa basi, akampakata, akampa jina lile. Sasa mtoto anatembea, anasikia vizuri, lakini ukimwita Wilondja hageuki. Anayeitika ni mimi, kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya kizee ambayo siijui. Mama anaijua. Kila akiisikia hulia.

Nina hasira na yule mzee, sifichi. Kama jina lilimuuma, mbona alinyamaza nilipolivaa mara ya kwanza Columbus? Alisubiri nini?

Nawe ukialikwa kwenye michezo yao, nenda, lakini tunga jina. La wafu wako liache. Siku hizi mama ananiita Baba, na mwanangu tunamwita "wewe."