Jicho Lililopona

Mama mkwe wangu, Fabiola, alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio uliompofusha. Nasema hivi kwa hasira kwa sababu nilimpenda.

Presha ya macho ilikuwa imeshamaliza jicho la kushoto tulipompeleka hospitali, mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulipoanzishwa. La kulia daktari alilipasua, akatoboa kitundu ili maji ya ndani yapate pa kutokea.

"Bibi," alimwonya, "mwili wako utataka kuziba kitundu hiki kwa kovu. Kila wiki uje nikuchome sindano pembeni ya jicho, ya kuzuia kovu. Usikose."

Sindano mbili alichomwa. Akirudi kijijini kwetu Endasak alinitania na mimba yangu: "Judica, mwambie huyo aje upesi nimwone, nisije nikamkosa."

Mtoto alikuja kabla ya siku zake, amekufa. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Akamfunika kitenge, akaniambia nisimtazame, akaenda kumzika mwenyewe.

Kwetu Wairaqw, mtoto wa kwanza akifa hivyo, nyumba nzima hujitenga, mkosi usiwapate wengine. Hatuchoti maji pamoja na watu, hatupiti njia zao, mpaka wazee watufungulie. Wakristo wengi walishaacha mambo hayo. Mama alikuwa hakosi kanisani hata Jumapili moja, na bado hili hakuliacha.

"Mama, nenda hospitali," nililia. "Nakuomba."

"Nikakae kwenye basi na wajawazito wa watu? Mtoto wa mmoja wao akifa, utakwenda kumwambia nini?"

Mume wangu, Hhando, aliinamisha kichwa tu, kama kawaida yake mama yake akishasema. Wiki ya tatu ikapita, ya nne, ya saba. Wekundu wa jicho uliisha, machozi yakakauka. Tukafurahi, wajinga sisi. Tukasema limepona.

Wazee walipotufungulia, mwezi wa tatu wa kujitenga, Mama alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Daktari alilimulika jicho.

"Limepona," alisema. "Ndiyo shida yenyewe. Kovu limeziba kitundu."

Alijaribu kulifungua kwa ncha ya sindano, akaongeza na ile dawa, lakini mshipa wa kuonea ulikuwa umeshakufa. Tulirudi nyumbani nimemshika mkono. Nilimkasirikia mwaka mzima, na kila nilipokasirika nilikumbuka kwamba alikuwa akiwalinda watoto wa watu asiowajua.

Kisha nikamzaa Zita, mzima, mwenye sauti kubwa. Nilimweka mapajani mwa bibi yake. Mama alimpapasa paji la uso, pua, kidevu, polepole, akarudia tena tangu mwanzo.

"Judica," aliniuliza, "amefanana na yule?"

Yule sikumwona. Aliyemwona ni yeye peke yake.