Fundi wa Makambako na waya unaosubiri zamu

Saa mbili asubuhi, baridi ya Makambako haijaachia madirisha. Katika hospitali moja ya binafsi mjini hapa, fundi wa kompyuta Vestina Mwalongo anapiga magoti mbele ya kabati la chuma. Anashika waya wa bluu, anauchomoa.

Katika maabara, mpimaji Rehani Issa anatazama kompyuta iliyoganda ghafla. Anahesabu kimya. Hajafika sitini, majibu ya damu aliyoyatuma yanafika wodini.

"Kila akifanya jaribio hili nasisimka," anasema Rehani. "Waya umetoka, lakini habari imepita."

Vestina (29) ni binti wa wakulima wa Uwemba. Alisomea kompyuta Iringa miezi tisa, mwanamke pekee kati ya wanafunzi 22.

Machi mwaka jana, 2002, vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa maji walikata waya kati ya maabara na wodi. Siku mbili manesi walikimbia na karatasi kwenye mvua. Vestina alipouunga, akavuta na wa pili, ili mmoja ukikatika mwingine ufanye kazi.

Alipouchomeka, kompyuta zote 18 zikakwama.

"Taa za swichi zilichachamaa zote kwa pamoja," anakumbuka. Swichi ni visanduku vinavyogawa mawasiliano kati ya kompyuta. Ujumbe ulitoka kwa waya mmoja, ukarudi kwa mwingine, ukatoka tena, ukijizidisha hadi njia zikajaa.

Saa hiyo wodini alikuwapo Margareth Kilasi wa Ilembula, akitokwa damu baada ya kujifungua. Majibu yake yalikuwa yamekwama maabara. Rehani aliyanakili kwa kalamu, akakimbia nayo. Margareth alipona.

"Nilitaka kuwasaidia, kumbe nimewafungia njia," anasema Vestina.

Alichomoa waya wa pili, kompyuta zikafufuka. Lakini hakuutupa. Wiki tatu alisoma kitabu cha swichi, kamusi ya Kiingereza pembeni. Akagundua kuwa swichi zinaweza kuongea zenyewe, zikachagua moja kati yao kuwa kuu, kisha zikafunga njia iliyozidi na kuifungua pale tu nyingine inapokatika. Uwezo huo ulikuwamo siku zote, ila ulikuwa umezimwa.

Aliuwasha Jumapili, wagonjwa wakiwa wachache. Akachomeka waya wa pili, akangoja mambo yaharibike.

"Taa moja ikawa ya njano, imetulia. Nilikaa sakafuni nikaitazama muda mrefu. Hakuna mtu aliyeziambia zifunge wapi. Zimeelewana zenyewe."

Tangu hapo panya wametafuna waya mara moja. Aliyegundua ni Vestina mwenyewe, akifagia.

Wodi ya watoto, ng'ambo ya barabara, bado inapelekewa majibu kwa miguu. Anapanga kuifikia kabla ya masika, kwa nyaya mbili.

"Siku waya mmoja utakapokatika," anasema, akikung'uta vumbi magotini, "nataka nesi asijue."